Kwa nini mchoro wa mawingu na bahari tu huweza kutia uchaji?

Siri kubwa iko katika vitu ambavyo mchoraji ameviondoa. Mandhari ya kawaida humwekea mtazamaji njia: mti pembeni, kijito, barabara inayopinda hadi kilimani. Jicho hupita humo na kufika. Ukiiondoa njia hiyo, mtazamaji hubaki ukingoni mbele ya ukubwa asioweza kuupima, na hapo ndipo unyenyekevu unapoanza.

Mjerumani Caspar David Friedrich (1774–1840) aliijua siri hii kuliko wengi. Mchoro wake wa mtawa kando ya bahari, wa 1808 hadi 1810, una upana wa sentimita 171.5 na kimo cha 110. Chini pana ufuko mwembamba na bahari nyeusi. Sehemu iliyobaki, kubwa mno, ni anga. Uchunguzi kwa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, umeonyesha kwamba mwanzoni alichora meli, kisha akazifunika. Uamuzi huo ndio uliouokoa mchoro. Meli zingetupa kipimo cha umbali, tena zingetupa kisa cha safari, na macho yetu yangeshughulika nazo badala ya anga. Si wote waliompenda: mwaka 1809 mhakiki Basilius von Ramdohr alilalamika vikali kwamba mandhari sasa zinataka kupanda altareni, baada ya Friedrich kuchora mlima wenye misonobari na msalaba kwa ajili ya altare.

Wachina walikuwa wamelifikia jambo hilo karne nyingi kabla. Guo Xi, aliyechora mlima wake maarufu wa majira ya kuchipua kwa wino juu ya hariri mwaka 1072, alifundisha kwamba mlima ukichorwa wote hauonekani mrefu. Ufunge ukungu kiunoni, nao utapaa. Akili hujaza kilichofichwa, na hukijaza kwa wingi.

Ukitaka kujaribu kwa rangi ya mafuta, shusha mstari wa upeo hadi sehemu ya tano ya chini ya turubai. Ukungu usiupake kwa nyeupe tupu, maana hugeuka chokaa na kusogea mbele. Changanya nyeupe na rangi ya anga pamoja na kiasi kidogo cha rangi ya mlima ulio nyuma, uipake kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka likauke kabla ya linalofuata. Lainisha kingo kwa brashi kavu. Zikibaki kali, ukungu huonekana kama pamba iliyobandikwa. Kadiri milima inavyokwenda mbali, punguza tofauti ya giza na mwanga na uongeze buluu, kwa sababu hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi.

Mtu, ukimweka, awe mdogo. Binafsi ningemwekea kikomo cha sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha. Akizidi hapo, picha inakuwa yake. Mgeuze mgongo pia. Uso ukionekana tunaanza kusoma hisia zake, ilhali mgongo unatuachia nafasi ya kusimama pale pale na kutazama anachokitazama. Na miale ya jua inayopasua mawingu iache kabisa mpaka umeweza kuchora anga tupu: miale humwamuru mtazamaji ahisi nini, naye akiamriwa hujifunga.