Corolla 110 kukosa sailensi: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Toyota Corolla 110, zile zilizotengenezwa Japani kati ya 1995 na 2000, bado zimejaa barabarani kwetu, na nyingi zinaumwa ugonjwa mmoja. Ukitoa mguu kwenye mafuta, injini haitulii. Mara mshale wa mzunguko unapanda na kushuka wenyewe, mara gari zima linatetemeka, mara linazima katikati ya foleni. Gari limekosa sailensi, yaani mzunguko tulivu wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta, watakwambia, na tiba ya kwanza karibu kila gereji ni plagi mpya. Nadhani tunaanzia upande usio. Injini ya 5A-FE iliyomo kwenye nyingi, ikiwa kwenye sailensi, inavuta hewa kidogo tu inayopita pembeni ya kipepeo cha throto, kile kibati kinachofungua hewa ukikanyaga mafuta, na kompyuta inapima mafuta kwa kuangalia shinikizo la hewa hiyo na joto la maji. Hewa au maji vikikosewa, hata plagi za dukani leo hazitakuokoa.

"Inatetemeka? Hizo plagi."

Inawezekana, lakini kwanza utazame mshale. Kama unapanda na kushuka kwa mpigo, kwa mfano kutoka mizunguko 1,000 kwa dakika hadi 1,700 na kurudi, kwa kawaida silinda zote nne zinafanya kazi na plagi hazihusiki. Kama mshale umekaa chini na injini inachechemea bila mpangilio, hapo kweli kuna misi, yaani silinda moja haichomi.

Kuitafuta silinda hiyo, wengi huchomoa waya za plagi injini ikiwaka. Utarushwa na umeme, koili itaumia, na petroli isiyoungua itakwenda kuchoma masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Chomoa soketi ya nozeli, ile inayopulizia silinda mafuta, badala yake, moja baada ya nyingine. Silinda nzima ukiikata, mngurumo unashuka papo hapo. Ile ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa wako. Kabla hujatoa hela, hamishia plagi yake silinda ya jirani: tatizo likihama nayo, nunua plagi. Lisipohama, endelea na waya, kisha nozeli.

"Nchi yetu ya joto, thamostati ya nini?"

Hii ndiyo dhana iliyoharibu 110 nyingi kuliko zote, na inasemwa kwa kujiamini kweli kweli. Gari likichemsha, fundi anang'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, anakwambia Wajapani waliiweka kwa ajili ya theluji. Sivyo. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka maji yakifika kama nyuzi 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka na kuibakiza hapo, uwe Sapporo kwenye theluji au Tanga.

Ukiing'oa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha. Asubuhi kwenye barabara kuu, upepo ukipiga rejeta, injini haipati joto kamwe. Sensa ya maji inaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi, nayo kompyuta, kwa utii wake, inazidisha mafuta na kuiacha sailensi juu. Baada ya muda plagi zinatoka nyeusi kwa masizi, gari linanuka petroli, unauziwa plagi nyingine. Dalili yake haihitaji kifaa: mshale wa joto unashuka ukishika barabara kuu na kupanda ukiingia kwenye foleni. Na ile sababu ya kuchemsha, mara nyingi rejeta iliyoziba au feni iliyochoka, imebaki palepale.

"Maji ni maji, jaza ya bomba"

Maji ya bomba yanaleta kutu, na kutu inakwenda kwenye vijia vyembamba. Kimoja cha vijia hivyo kinapita chini ya throto bodi, yaani kipande kinachobeba kile kipepeo. Kwenye Toyota nyingi za zama zile, njia ya hewa ya ziada inayopandisha sailensi asubuhi hujifunga kadiri maji ya moto yanavyoipasha. Kijia kikiziba, au maji yakipungua na hewa kukwama humo, throto bodi inabaki ya baridi wakati injini yenyewe imeshapata moto, na ile njia inabaki wazi.

Hapo ndipo ule mpigo wa kupanda na kushuka unapozaliwa. Kompyuta inaona injini ya moto, mguu haupo kwenye mafuta, lakini mzunguko uko juu. Inaamini unateremka mlima, inakata mafuta. Mzunguko unaporomoka, inayarudisha. Unapanda tena, inakata tena. Nimeona watu wakibadilisha distributa nzima, kile kigawa umeme wa plagi, kwa jambo lililotaka lita moja ya kulanti (maji maalumu ya rejeta) na kutoa hewa kwenye mfumo. Kagua kiwango ndani ya rejeta yenyewe, si kwenye kopo la akiba peke yake, na ufungue mfuniko injini ikiwa imepoa kabisa.

"Pandisha skrubu kidogo, itashika"

Itashika, ndiyo, lakini ugonjwa umefichwa tu. Skrubu inayozuia kipepeo ilipangwa kiwandani. Ukiikaza, kipepeo hakifungi sawasawa, na swichi inayoiambia kompyuta kwamba mguu umetoka inaweza isiguse tena. Kompyuta inaacha kuisimamia sailensi. Kwenye gia za otomatiki utasikia kishindo kila ukiweka D, na gari litakuwa linakusukuma kwenye foleni. Injini ikiwa ya moto na kila kitu kimezimwa, sailensi nzuri ni kama 700 hadi 800. Ikiwa chini ya hapo, osha throto bodi kwanza: masizi meusi nyuma ya kipepeo yanaziba hewa kidogo ile inayotegemewa.

"Hewa ikivuja, sailensi lazima ishuke"

Kwa gari linalopima hewa inavyoingia mlangoni, mara nyingi ndivyo, maana hewa ya wizi haihesabiwi na mchanganyiko unakosa mafuta. 110 haina kipimo cha mlangoni. Inasoma shinikizo ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawia silinda hewa. Mpira wa hewa ukipasuka, shinikizo linapanda, kompyuta inaongeza mafuta, na mzunguko unapanda nao. Kwa hiyo 110 yenye sailensi ya juu isiyoshuka, usiulaumu waya wa mafuta kabla hujakagua mipira. Bana mmoja mmoja kwa koleo: ule wa servo ya breki, wa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini), na vile vipira vyembamba vinavyogeuka vigumu kama plastiki kwa uzee. Ukiubana mmoja na sailensi ikakaa, umefika. Wanaopulizia petroli kutafuta uvujaji karibu na ekzosi ya moto, sina la kuwaambia zaidi ya kwamba maji ya kunyunyiza yanafanya kazi hiyohiyo.

"Mashine haijasoma kitu, gari ni zima"

Kwa 110 nyingi huhitaji mashine ya kusomea kompyuta. Chini ya boneti kuna kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Idadi hiyo ndiyo kodi, namba ya hitilafu: 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya throto. Ila kompyuta inalalamika waya ukikatika au ukipiga shoti. Sensa inayosema nyuzi 40 wakati maji yana 85 haihesabiki kuwa mbovu, na mpira uliopasuka hauna kodi kabisa.

Pia si kila mtetemo una kodi: kutetemeka ukiwa kwenye D huku mshale umetulia tuli mara nyingi ni maunti, ile mipira inayoshikilia injini.

"Tepeti zikiwa kimya ndiyo nzuri"

Tepeti ni kikombe kinachosukuma valvu. Inayogonga ina nafasi kubwa mno, inaudhi masikio. Ile iliyobana haina sauti, lakini valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja, na silinda inamisi kwenye sailensi ilhali ukikanyaga mafuta inachanganya vizuri. Injini hii haina tepeti za kujirekebisha zenyewe kwa oili. Nafasi inapangwa kwa shimu, visahani vya unene tofauti. Geji ya kompresheni ikionyesha silinda moja iko chini sana ya wenzake, fungua kava ya juu upime nafasi kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa baridi, kabla hujakubali kuambiwa ringi za pistoni zimekwisha.