Makamanda 13 wa Lely, na damu isiyoonekana

Tarehe 3 Juni 1665, kwa kalenda ya Waingereza ya wakati ule, mzinga wa Waholanzi ulifyatua vyuma viwili vilivyofungwa kwa mnyororo, vikaua mabwana watatu kwa mpigo mmoja kwenye sitaha ya manowari Royal Charles. Damu yao ilimrukia James, mdogo wake Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, aliyekuwa akiongoza vita hivyo vya baharini vya Lowestoft, dhidi ya Waholanzi. Alipona, akashinda, kisha akamwagiza mchoraji Peter Lely amchoree makamanda wake. Picha 13. Nyingi leo ziko Greenwich, kwenye makumbusho ya bahari.

Damu huioni hata tone. Kuna fimbo ya ukamanda, upanga, mzinga uliopoa, mshipi wa hariri, na kwa mbali merikebu ndogo kwenye moshi. Hivyo ndivyo wachoraji wa Baroko, mtindo wa sanaa wa Ulaya wa karne ya 17, walivyotukuza vita: mapigano yanasukumwa nyuma mpaka yawe pambo, na mbele anabaki mtu mmoja, ametulia kana kwamba ushindi ni tabia yake ya kuzaliwa.

Lakini nyuso! Mabibi wa ikulu aliowachora Lely wanafanana macho kama watoto wa tumbo moja. Hawa mabaharia kila mmoja ana sura yake: mashavu mazito, ngozi iliyopigwa na upepo, jicho lisilomwamini mtu. Kwangu mimi hizi ndizo kazi zake bora, na ukweli huo wa sura ndio unaotufanya tuumeze uongo wa yaliyobaki.

Samuel Pepys, mtumishi wa ofisi ya jeshi la majini, aliziona kwa Lely Aprili 1666, akazisifu. Lawson, mmoja wa hao 13, alishakufa kwa jeraha la goti alilopata Lowestoft. Mwezi Juni wenzake Berkeley na Myngs nao wakafa kwa majeraha ya Vita vya Siku Nne, dhidi ya Waholanzi haohao, na mwili wa Berkeley Waholanzi wakautia dawa usioze, wakaulaza kanisani The Hague.

Upande wa Waholanzi mbinu ni ileile. Mwaka 1667 mchoraji Ferdinand Bol alimchora kamanda wao wa majini Michiel de Ruyter, mtoto wa mchukuzi wa bia, akiwa na fimbo, nishani ya Ufaransa kifuani na manowari zake nyuma. Tofauti ni watazamaji. Za Lely zilikusudiwa chumba cha James. Za Bol zilichorwa nakala kadhaa, zikapelekwa kwenye ofisi za jeshi la majini, maofisa waziangalie kila siku ya kazi.