Taa ya oili ikiwaka, oili nzito sio dawa

"Fundi niwekee ile nzito tu, ishirini hamsini, taa izime nisafiri." Hii kauli hapa Tanga naisikia mpaka nimechoka, na juzi tena imekuja na Toyota IST iliyotoka Segera, taa ya oili inapepesa gari ikiwa sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), mwenye gari keshaambiwa na mtu huko njiani eti injini ikichoka inataka oili nzito. Jamani hapana. Nayaandika haya mtu asome kabla hajaua injini yake.

Pampu ya oili haitengenezi presha, kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha inapatikana pale oili inapobanwa kwenye nafasi ndogo za beringi za krenki (shafti kuu ya injini) na konrodi (mikono inayoiunganisha na pistoni), nafasi ambayo ikiwa nzima ni kama 0.02 mpaka 0.05 ya milimita, ndogo sana hiyo. Beringi zikilika nafasi inapanuka, oili inachoropoka kirahisi na presha inashuka. Sasa ukimwaga 20W-50 (ndo hiyo ishirini hamsini, nzito) kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30 (nyepesi), oili inapita kwa shida, presha inapanda kidogo, taa inazima, we unaona gari imepona kumbe beringi ni zilezile na zinaendelea kulika, ila sasa hivi hakuna wa kukwambia. Asubuhi ukiwasha injini ya baridi oili inachelewa kufika juu kwenye kemshafti (shafti inayofungua valvu), VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kwa presha ya oili) nayo vitundu vyake vimepimwa kwa oili nyepesi kwa hiyo inaanza kujivuta, gari inakuwa nzito, mara taa ya injini inawaka na unaanza kununua sensa ambazo hazina kosa lolote.

Na hapo ni kama shida ni beringi. Nyingi ninazofungua shida ni lile chujio la wavu ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini). Unashusha sampo unakuta tope jeusi limeganda chini, na kwenye wavu vimenasa vipande vya gundi ya siliko, kwa sababu aliyefunga mara ya mwisho alipaka gundi nene, ilipobanwa ikachomoza kwa ndani, ikakatika, ikavutwa mpaka kwenye chujio. Gari kama hiyo ukiiwekea oili nzito ni sawa na kunywa uji kwa mrija ulioziba, pampu inavuta haipati kitu na injini inanoki (inagonga) ukiwa spidi.

Kwa hiyo pima kwanza! Toa swichi ya oili (ile inayowasha taa), pale pale ufunge geji ya mkono (Toyota nyingi uzi wake ni inchi 1/8), washa injini iache ipate moto kabisa mpaka feni ipige hata mara mbili ndo usome, maana oili ikiwa baridi presha inakuwa juu na utajidanganya. Mafundi wengi tunakwenda na psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika lakini mwenye neno la mwisho ni kitabu cha gari, kuna injini sailensi zinaruhusiwa hata psi 5. Geji ikiwa sawa na taa inawaka, badilisha swichi yaishe. Sailensi iko chini lakini ukikanyaga inapanda vizuri, angalia beringi, na nusa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kama oili inanuka petroli maana petroli ikiingia oili inakuwa maji. Ikiwa kwenye sailensi presha ipo ila ukipandisha mizunguko presha inadumaa au inaanguka, shusha sampo uangalie chujio. Ikiwa chini kote kote ndo ufikirie valvu ya presha (inayopunguza presha ikizidi) iliyokwama wazi au pampu yenyewe. Sio mtu anaanza na pampu siku ya kwanza, hela ya mteja inaondoka na taa iko palepale.

"Ukikanyaga inazima, haina shida." Ina shida kubwa. Swichi nyingi haziwashi taa mpaka presha ishuke chini ya psi 7 hivi, kwa hiyo ukiiona imewaka ujue umeshachelewa. Zima injini hapo hapo hata kama Pongwe umeshaiona na mjini Tanga ni karibu, piga simu uvutwe.

"Dipstiki inaonyesha oili ipo, taa inadanganya." Dipstiki inapima kiasi, taa inapima presha, ni vitu viwili. Ila dipstiki ndo ya kwanza kuangalia, sikatai. Ukipanda Lushoto kutoka Mombo oili ikiwa chini ya alama, kwenye zile kona oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, taa inapepesa kwenye kona tu. Hiyo ongeza mpaka alama.

Mpaka alama, sio zaidi. Injini ya IST ile ya 1NZ inabeba lita 3.7 pamoja na filta, watu wanamimina galoni yote ya lita 4 na wakiona taa wanaongeza nyingine, krenki inaichapa oili inatoa povu na povu halina presha.

"Oili imekuwa nyeusi, ndo maana taa inawaka." Oili kuwa nyeusi haisemi chochote kuhusu presha, hasa kwenye dizeli.

La mwisho ndo linaniuma. Wapo wanaochomoa waya wa swichi. Kwenye gari nyingi ukiuchomoa taa inazima moja kwa moja, gari inatembea hivyo mpaka siku injini inakata, na mara nyingi inakata mikononi mwa mtu aliyeinunua bila kujua. Weka funguo ON bila kuwasha injini, taa ya oili lazima iwake, na isipowaka aidha waya umechomolewa au balbu imekufa. Ukinunua gari kwa mtu fanya hivyo kabla hamjaongea bei.