Kingamwili za surua: kunasa si kuzuia

Kila kampeni ya chanjo inapotangazwa, redioni hakosi mtu wa kusema kingamwili "huua" virusi vya surua. Haziui. Kingamwili ni protini zinazotokana na seli B za kinga, na kila moja ina ncha zinazonasa umbo fulani tu.

Virusi vya surua vimezungukwa na protini mbili kwa nje: H, inayoshika seli, na F, inayounganisha utando wa virusi na wa seli ili vinasaba vipenye. H hushika vipokezi viwili, yaani protini za juu ya seli ambazo virusi huzitumia kama mlango: SLAM kwenye seli za kinga na nektini-4 kwenye seli za njia ya hewa. Kingamwili ikitua pale pale H inapopaswa kugusana na SLAM, virusi vinakosa pa kushikia. Visipoingia kwenye seli havizaliani. Hapo havijafa, vimezuiwa tu, na seli walaji ndizo huja kuvimeza.

Na wengi huchanganya hapa: si kila kingamwili inayotambua surua inaizuia. Mgonjwa hutoa kingamwili nyingi mno dhidi ya protini N, ambayo huvifunika vinasaba ndani kabisa. Virusi vikiwa nzima, N imefichwa chini ya utando, kwa hiyo kingamwili hizo hazina pa kunasa. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha damu chaweza kuonyesha kwamba kingamwili zipo, kisiseme zinazuia kiasi gani. Kulijua hilo, maabara huchanganya seramu (majimaji ya damu yenye kingamwili) na virusi hai, humwagia seli zilizooteshwa, kisha huhesabu madoa ya seli zilizoharibika. Madoa yakipungua, seramu hiyo inazuia.

H nayo haibadiliki ovyo, maana sehemu inayoshika vipokezi ikiharibika, virusi vyenyewe hukosa njia ya kuingia. Chanjo nyingi za leo zina asili ya virusi vilivyopatikana Boston mwaka 1954, na bado zinakinga.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusiseme mtoto husubirishwa chanjo ya surua hadi miezi 9 kwa kuwa hana kingamwili. Mara nyingi anazo, amepewa na mama yake kupitia kondo la nyuma. Ndizo hizo zinazovinasa virusi dhaifu vya chanjo kabla havijazaliana vya kutosha kuufundisha mwili wake, na ndizo Kenya na Tanzania zinazosubiri zipungue.