Geuza Beji, Tazama Mgongo Wake

Wanaoniletea beji za kijeshi za wakati wa vita huziweka mezani uso juu. Nami huzigeuza kabla sijasema neno. Anayeghushi humaliza jasho lake lote usoni, kwa sababu anajua mnunuzi atavutwa na tai, taji, upanga na mwaka ulioandikwa. Akifika mgongoni amechoka, au haoni faida ya kuhangaika. Huko ndiko kuna bawaba ya pini, ndoano yake, matone ya kulehemu na alama ya kiwanda: vitu ambavyo fundi wa mwaka 1941 alivitengeneza kwa maelfu, kwa mkono uliozoea, bila kufikiri kwamba siku moja mtu angevichungulia kwa kioo cha kukuzia.

Kazi yangu ni kuhifadhi metali katika jumba la makumbusho, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hii ni ya kweli?" Jibu halipatikani kwa dalili moja. Metali yenyewe, namna ilivyotengenezwa, kifungio, alama ya kiwanda na uchakavu vinatakiwa vyote vitaje kipindi kimoja. Kimoja kikitaja 1940 na kingine kikataja 1970, hapo ndipo pa kusimama.

Tuanze na utengenezaji. Beji nyingi za Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili zilipigwa chapa: bamba la metali liliwekwa kati ya vyuma viwili vigumu vilivyochongwa mchoro, mashine ikashuka kwa kishindo, mchoro ukahamia kwenye bamba. Ndiyo maana kingo za herufi huwa kali na sehemu tupu kati ya michoro huwa laini. Nakala za kughushi, kwa upande wake, nyingi husubiwa. Beji halisi hukandamizwa kwenye mpira laini ili kupata kalibu, halafu metali iliyoyeyuka humiminwa ndani. Kwa lenzi inayokuza mara 10 utaona vitundu vya hewa, uso wa vinyweleo kama ganda la chungwa, herufi zilizoviringika kama mche wa sabuni uliokwisha kutumika, na ukingoni mikwaruzo ya tupa iliyotumika kuondoa mshono wa kalibu. Tena metali ikipoa hunywea, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Katika beji ya milimita 50 tofauti yaweza kuwa nusu milimita tu. Jicho haliioni, kaliperi, kile kifaa cha kupimia kwa usahihi, inaiona.

Hata hivyo, usikimbilie kukihukumu kila kilichosubiwa. Chukua Beji ya Shambulio ya Askari wa Miguu ya Ujerumani, iliyoanzishwa tarehe 20 Desemba 1939. Za mwanzo nyingi zilipigwa kwa tombaki, mchanganyiko wenye shaba nyekundu nyingi na zinki kidogo, nazo hadi leo zina mng'ao wake. Vita ilipoendelea kula shaba, viwanda vilihamia kwenye zinki, na beji nyingi za zinki zilisubiwa kiwandani kwa mashine na ni halali kabisa. Sasa, zinki haishiki vizuri rangi ya fedha iliyopakwa juu yake. Baada ya miaka 80 nyingi zimebaki kijivu kilichofifia. Nikikutana na beji ya zinki inayong'aa kila pembe kama imetoka kiwandani jana, sisemi ni bandia, ila huiuliza maswali mengi kuliko ile iliyochakaa. La kwanza: kiwanda kilichogonga alama yake hapa kilitumia bawaba ya aina gani wakati wa zinki? Wakusanyaji makini wameshapiga picha maelfu ya migongo, na kufananisha na picha hizo kunasaidia kuliko kifaa chochote.

Kuhusu sumaku, watu huiamini kupita kiasi. Msalaba wa Chuma wa 1939, nishani ya Ujerumani, kwa kawaida una vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu ya nusu mbili zilizolehemiwa kukizunguka. Sumaku inanasa kiini. Lakini viini visivyonasa vilikuwepo katika misalaba halisi, na wanaoghushi nao wanajua kununua chuma. Mimi hutazama ukingoni, pale nusu mbili za fremu zinapokutana. Pakiwa hapana dalili ya maungio, na rangi nyeusi imepakwa juu ya kitu kilichosubiwa kipande kimoja, kazi imekwisha. Jambo jingine linalochanganya watu ni sheria ya Ujerumani Magharibi ya mwaka 1957, iliyoruhusu wapiganaji wa zamani kuvaa nishani zao bila swastika, ile alama ya Wanazi. Viwanda vikatengeneza matoleo mapya, na kwenye Msalaba wa Chuma majani ya mwaloni yakachukua nafasi ya swastika. Hizo si bandia. Ni halisi za 1957 na kuendelea, na kosa huanza pale muuzaji anapoziita za vita.

Kwa beji za Uingereza, kalenda imechongwa kwenye taji. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 hadi alipofariki Mfalme George wa Sita mwaka 1952, beji zilibeba taji lenye matao yaliyopanda mviringo kama kuba. Chini ya Malkia Elizabeth wa Pili likaja taji ambalo matao yake yamebonyea katikati. Mama mmoja aliniletea beji ya kofia ya baba yake, imefungwa kwenye leso, akisema mzee aliivaa vitani mwaka 1944. Taji lilikuwa limebonyea. Niliposema, uso wake ulibadilika, akadhani namwita baba yake mwongo. Nikamwuliza mzee aliacha jeshi lini. Mwaka 1958, akasema. Basi beji ilikuwa yake kweli. Aligawiwa mpya taji lilipobadilika, na ile ya vitani ikaenda isikojulikana. Beji halisi yaweza kuwa na hadithi iliyokosea kidogo, na ni haki kumweleza mwenye nayo hivyo kwa upole.

Nitaongeza kwamba taji la kuba limerudi chini ya Mfalme Charles wa Tatu tangu 2022, kwa hiyo taji peke yake halitoshi tena. Wala usiitupe beji ya plastiki: tangu 1942 Waingereza walitengeneza beji za kofia za plastiki ili kuokoa metali, zenye vijiti viwili vya shaba vya kukunja nyuma.

Uchakavu nao una adabu zake. Pini husagika pale inapoingia kwenye ndoano, na mchoro husagika mahali palipoinuka, panapoguswa na kidole na nguo. Uchafu hukaa mabondeni. Nikikuta weusi umetandazwa sawasawa juu na chini, au ukijani unaofutika kwa pamba yenye maji, nashuku tindikali. Kwa beji za kitambaa tunatumia taa ya urujuanimno: nyuzi za kisasa hung'aa buluu nyeupe. Ila kitambaa cha zamani kilichofuliwa kwa sabuni ya leo nacho hung'aa, kwa hiyo tazama pia nyuzi za ndani ya mshono.

Nishani zenye jina huhitaji jicho lingine. Nishani ya Vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1918 ina kipenyo cha milimita 36, na jina la askari limegongwa ukingoni. Anayetaka kuweka jina la mtu maarufu husugua la kwanza, na hapo kipenyo hupungua. Pima sehemu kadhaa. Kisha linganisha jina na namba na kadi za nishani za askari, ambazo nakala zake ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London.

Kabla ya kununua au kuuza, angalia sheria. Ujerumani na Austria zinazuia kuonyesha hadharani alama za Kinazi, na Marekani ni kosa kuuza Medal of Honor, nishani yao ya juu kabisa ya kijeshi.

La mwisho ni ombi. Usiing'arishe. Dawa ya kung'arisha huondoa rangi ya kiwandani, uchakavu wa miaka na vumbi la bawabani, yaani ushahidi wote ninaoutafuta. Ifunge kwenye karatasi isiyo na asidi, usiitie kwenye mfuko wa plastiki unaonuka, piga picha uso, mgongo na ukingo pamoja na rula, kisha mletee mtaalamu ikiwa vilevile ulivyoikuta.