Kadi ya Picha Haichoki: Dhana Potofu Ninazozisikia Dodoma

Kijana mmoja wa Nkuhungu aliniletea kompyuta yake ya michezo na kuniambia, kabla sijaigusa, "Shikamoo fundi, kadi imechoka, nitafutie kubwa zaidi." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na inaniudhi kwa sababu inawamalizia watu fedha bure. Kadi ya picha, yaani kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha za mchezo, haipungui nguvu kwa sababu ya umri. Chipu yake inapoharibika, kwa kawaida huleta mistari na rangi za ajabu kwenye skrini, au kompyuta hujizima.

Kinachopunguza kasi mara nyingi ni joto. Chipu inapokaribia kikomo alichokiweka mtengenezaji, ambacho kwa kadi nyingi za GeForce, za kampuni ya NVIDIA, ni nyuzi 83 hivi, hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana mchezo huanza vizuri, kisha baada ya dakika 10 au 15 fremu, yaani idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde, huanza kushuka, na hivyo ndivyo kijana yule alivyonieleza, bila kujua kwamba alikuwa amekwisha kunipa jibu. Nilipoifungua kadi, nilikuta vumbi jekundu limeshikamana kati ya vibati vya alumini kama kipande cha blanketi kuukuu, kiasi kwamba feni zilizunguka lakini hewa haikupita, na pesti ya kupitishia joto iliyo juu ya chipu ilikuwa imekauka na kupasukapasuka. Nilisafisha, nikapaka pesti mpya, na katika mchezo uleule joto likashuka kutoka nyuzi 84 hadi 68. Aliondoka na kadi yake ileile.

Kwa upepo na vumbi la kiangazi cha hapa kwetu, sikubali kabisa kompyuta iwekwe sakafuni, wala ubavu wa kesi uachwe wazi kwa kisingizio cha kuipoza. Unapopuliza kwa blowa, zuia feni kwa kidole, kwani ikizungushwa kupita kiasi huharibika.

Wapo wanaoshtuka wakiona kadi inatumika kwa asilimia 99. Hiyo ni dalili njema, mradi joto liwe la kawaida, kwa kuwa kadi inafanya kazi yake yote. Wasiwasi uwe pale inapotumika kwa asilimia 50 huku mchezo ukikwama, jambo ambalo mara nyingi humaanisha kwamba prosesa, chipu kuu ya kompyuta, ndiyo inayoichelewesha. Punguza ukubwa wa picha (resolution) katika mchezo, na fremu zisipoongezeka, usinunue kadi.

Kumbukumbu nyingi ya kadi, ile inayohesabiwa kwa GB, nayo si kipimo cha kasi. Kadi ya GT 730 yenye GB 4 huachwa mbali na GTX 1050 yenye GB 2, hata hivyo bado naletewa ya kwanza na watu walioinunua kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Kuhusu kusakinisha Windows upya kila mchezo unapokwama, sina mengi ya kusema: anza na draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi.

Kabla ya yote hayo, tazama nyuma ya kompyuta. Waya wa skrini ukiwa umechomekwa kwenye ubao mama (ubao mkuu wa saketi) badala ya kwenye kadi, kwa kawaida unachezea picha zinazochorwa na prosesa, si kadi. Kisha fungua mipangilio ya skrini, kwani skrini ya Hz 144 iliyoachwa kwenye Hz 60 itaonyesha picha 60 tu kwa sekunde, hata ukiiwekea kadi ya bei gani.