Kabla hujanunua ile 50 ya bei nafuu

Watu wengi wanaoniuliza waanze na lenzi gani kwa picha za mtaani huja na jibu tayari: "Si ile ya milimita 50, yenye f/1.8?" (Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia.) Ni lenzi nzuri, nyepesi, na mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Hata mimi nilianza nayo. Ninachokumbuka kutoka miezi ile ni kurudi kinyumenyume hadi mgongo ugonge ukuta, na niliyetaka kumpiga keshapita zake.

Lenzi haikuwa na kosa, ila haikuendana na kamera yangu. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, kidogo kuliko kipimo cha fremu ya filamu cha milimita 36 kwa 24. Kihisi kidogo huchukua sehemu ya katikati tu ya taswira inayoletwa na lenzi. Ndiyo maana milimita za lenzi unazizidisha kwa 1.5 kwenye Nikon, Sony au Fujifilm za aina hiyo, kwa 1.6 kwenye Canon, na kwa 2 kwenye Micro Four Thirds, mfumo wa kihisi kidogo zaidi unaotumiwa na Panasonic. Kwenye Canon yangu, 50 ilikuwa inaona kama 80. Hiyo ni lenzi ya kupigia sura za watu.

Sasa ipeleke hesabu hiyo barabarani. Mtu amesimama mita 3 mbele yako, nawe umeishika kamera kwa ulalo. Ukiwa na lenzi inayoona kama 35, fremu inabeba kimo cha mita 2 na kidogo, kwa hiyo anaingia kuanzia utosi hadi viatu. Kwa 50 inabeba mita 1.4, unamkata magotini. Kwa 80 ni sentimita 90 tu. Ukimtaka mzima itabidi usogee nyuma zaidi ya mita 6, na katika mita 6 za mtaa wenye watu, kuna mgongo wa mtu mwingine katikati yenu.

Najua, Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa gwiji wa picha za mtaani, alipiga kazi zake nyingi kwa 50. Lakini ilikuwa kwenye Leica ya filamu, ambako 50 ni 50 kweli.

Mimi humshauri anayeanza atafute lenzi bapa, yaani fupi na nyembamba, ambayo, baada ya kuzidisha, inaangukia kati ya 35 na 42 hivi. Kwa Canon za DSLR (kamera zenye kioo ndani) zenye kihisi kidogo ipo EF-S 24mm f/2.8 STM: gramu 125, unene haufiki sentimita 2.3, inaona kama 38. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa bei yake. Fujifilm wana XF 27mm f/2.8, na Panasonic wana 20mm f/1.7, tamu sana ila fokasi yake ya otomatiki inajivuta. Mwenye DSLR ya Nikon DX, yaani ya kihisi kidogo, achukue 35mm f/1.8, inaona kama 52, na bado atapumua.

Hiyo f/2.8 isikutie wasiwasi. Mchana mimi hukaa f/8, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/500 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, naiachia kamera. Kwa ile 24 kwenye kihisi kidogo, nikilenga fokasi kitu kilicho mita 4 kisha nikazima otomatiki, kila kilichoko kuanzia mita 2 hivi hadi upeo wa macho kinatoka kikali vya kutosha. Hakuna kusubiri fokasi. Ni kuinua kamera na kubonyeza. Kwa 50 kwenye kamera hiyohiyo ujanja huu haufui dafu, maana eneo lililo kali ni jembamba mno.

Kabla hujatoa hela, chukua zumu iliyokuja na kamera, isimamishe kwenye 24, ibandike utepe wa gundi isizunguke, utembee nayo wiki nzima. Kama kila picha unatamani kuikata pembeni, basi wewe ni mtu wa lenzi ya 35 yenyewe kabla ya kuzidisha, na hesabu yangu haikuhusu.

Ukinunua iliyotumika, mulika tochi ndani ya vioo ukichungulia upande wa pili. Vumbi kidogo halionekani kwenye picha. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, yaani kuvu. Hiyo mrudishie mwenyewe, hata akikushushia bei.